Pua Tatu na Ukuta wa Bafuni

Nilioa nikiwa na miaka arobaini na mmoja, umri ambao baadhi ya wenzangu wa sekondari walikuwa wanaozesha watoto wao. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kuhamahama. Nimekaa Songea, nimekaa Tunduma, na Kigoma nimekaa miaka miwili bila sababu yoyote ninayoweza kuieleza. Kote huko mali yangu ilikuwa godoro, jiko la mchina na sanduku la bati. Nikichoka na mji, nakunja godoro. Mke wangu alipokubali kuolewa alinipa sharti moja tu, kwamba godoro lisikunjwe tena.

Tukapanga Chanika. Nyumba zenyewe zilikuwa nne, zimeunganishwa kwa mgongo katika uwanja mmoja. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alipenda ziitwe apatimenti, na ukisema "vyumba" anakusahihisha palepale kama yuko darasani. Yetu ilikuwa na sebule, jiko, vyumba viwili vya kulala na bafu lenye choo ndani. Mlango wa bafu ulifungukia sebuleni, usoni kabisa pa kochi, kiasi kwamba mtu akitoka kuoga anakutana na macho ya wageni kabla hajakutana na taulo lake. Aliyechora ramani ile hakuwa na mama mkwe.

Hatujamaliza mwezi, nikaona doa kwenye ukuta wa bafu. Lilikuwa la rangi ya chai na ukubwa wa chapati. Nikampigia mwenye nyumba.

"Shikamoo mwalimu. Ukuta wa bafuni una doa la maji."

"Marahaba kijana wangu. Hilo ni jasho."

"Jasho la nani?"

"La ukuta. Dar watu wote tunatoka jasho, ukuta utaachaje?"

Nikakubali. Kusema kweli, nilikubali kwa sababu maelezo yale hayakunidai kazi yoyote. Nimezoea nyumba zenye tabia zake. Tunduma nililala chumba ambacho kila mvua ikinyesha nilisogeza kitanda mara tatu, na sikuwahi kumlaumu mtu.

Kisha mke wangu akapata ujauzito, na mimba ilipofika miezi saba zikaja habari kwamba mama yake anatoka Njombe kuja kumsaidia hadi ajifungue. Hapo usingizi ukaanza kunipungua. Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawali meza moja, hawatazamani usoni, na mmoja akiwa na la kumwambia mwenzake hulipitisha kwa mtu mwingine. Pasipokuwa na mtu, hata kitu kinatosha. Sasa mama huyo anakuja kukaa nasi kwenye nyumba yenye bafu moja.

Wasiwasi wangu wa kwanza ukawa lile doa. Lilikuwa limekua, sasa lina ukubwa wa sinia. Kichwani nilimwona mama wa watu ameketi, ameliangalia, halafu amesema moyoni kwamba mwanawe ameolewa na mzururaji aishiye magofuni. Nikaenda sokoni Buguruni nikanunua zile karatasi za plastiki za kubandika ukutani, zenye gundi kwa nyuma na picha ya mawe ya mtoni kwa mbele. Jumapili nikaufuta ukuta kwa kitambaa, sikungoja ukauke, nikabandika kuanzia sakafuni hadi darini. Kwenye kona nilikunja kwa ustadi kama mtu anayefunika daftari la shule.

Mke wangu aliposimama mlangoni alitabasamu. "Haya, na wewe umeanza kujenga kiota." Nilitembea na sifa ile wiki nzima.

Wa kwanza kusikia harufu nilikuwa mimi, na naona haya kuandika kwamba niliipenda. Ilikuwa harufu ya ghala la bibi yangu kule Newala: magunia ya korosho, makopa ya muhogo, mikeka ya zamani iliyokunjwa, na mvua inanyesha nje. Nililelewa na bibi yule. Sikuwa nimekumbuka ghala lile kwa miaka mingi, na sasa linanijia bafuni, asubuhi, na mswaki mdomoni. Nikawa nakaa humo zaidi ya haja yangu. Nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nafumba macho, narudi Newala.

"Umelala humo?" mke wangu anagonga.

"Nawaza."

"Njoo uwazie sebuleni, mie nimebanwa."

Naye akaisikia. Alisema bafu linanuka kama soksi za mgambo aliyetoka doria. Lakini huyu ni mtu ambaye mwezi ule alikuwa amekataa vitunguu, amekataa sabuni yangu, na siku moja aliniomba nitoe chaja ya simu chumbani kwa kuwa inanuka. Nikaliweka bafu kwenye orodha hiyohiyo.

"Mimba hiyo, mke wangu. Itapita."

Akaziba pua kwa kanga, akaondoka.

Mama mkwe akaja na gunia la viazi, ndoo ya maharage na begi moja la kijani. Alikuwa mfupi, mkakamavu, wa miaka sitini na kitu. Nilimwamkia kutoka mlangoni huku naangalia malapa yangu, naye akaitikia huku anaangalia dirisha. Mambo yakaanza vizuri. Mahitaji yake aliyapitisha kwa mke wangu, na mke wangu akiwa hayupo aliyapitisha kwa ufagio uliosimama kwenye kona ya sebule.

"Ufagio," anasema, "mwambie baba wa nyumba hii chai iko tayari."

Nami naujibu ufagio kwamba nashukuru.

Siku ya pili aliingia bafuni na ndoo yake. Alitoka hata muda wa kunawa uso haujatimia, anakohoa, na ndoo imejaa vilevile. Tangu siku hiyo hakuingia tena. Nyuma ya uwanja palikuwa na mgomba, na choo cha shimo kilichobaki tangu mafundi wanajenga. Alifunga kanga mbili kati ya mgomba na ukuta, akawa anaogea hapo, mbuzi wa jirani akimwangalia.

Nilipoona kanga zile nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Mama huyu hawezi kuoga mahali anapoogea mkwewe. Heshima kubwa kiasi hicho nilikuwa sijawahi kuiona. Iliniingia moyoni, nikaamua kwamba na mimi sitashindwa heshima na mtu.

Kazi yangu ni kupanga safari za malori kwenye yadi moja karibu na Buguruni. Pale kuna bomba la kuoshea magari. Nikaanza kwenda na taulo na sabuni kwenye mfuko, na madereva walinikuta asubuhi nimesimama kati ya matairi, najimwagia maji kwa mpira.

"Vipi braza, umefukuzwa kwako?"

"Nina mama mkwe nyumbani."

Mizaha ikakoma. Mmoja, mtu mzima wa Lindi, akanisogelea na kuniambia kwa upole, "Pole. Mie wangu alikaa miezi mitatu. Nilikuwaga nakula nimegeukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa."

Nyumbani nikaongeza juhudi. Siku moja mama aliuambia ufagio kwamba watu wa nyumba hii wafunge ule mlango. Nikaufunga mlango wa bafu, nikahakikisha unafungwa kila wakati. Halafu nikafikiria dirisha. Bafu lilikuwa na kidirisha kidogo cha vioo, na kupitia hapo mtu wa uani angeweza kusikia maji au kikohozi cha aliyemo ndani. Nikakifunga nacho, nikaziba pengo kwa gazeti. Nilijiona mtu mstaarabu sana. Sasa bafu lilikuwa limefungwa kama mtungi wa kuvundikia ndizi, na ndani yake ghala la bibi likazidi kunukia.

Kikohozi cha mama hakikupungua. Mke wangu naye akaanza kupiga chafya. Nikasema vumbi la Chanika.

Jumatano jioni, nikiwa bado na taulo la yadi mkononi, mke wangu alinikalisha kwenye kochi. Niliona begi la kijani limesimama karibu na mlango.

"Mama anarudi Njombe Jumamosi. Kifua kinambana, hapumui vizuri humu. Na mie naenda naye."

"Wewe? Na mtoto?"

"Mtoto yumo tumboni, nitamwachaje? Nitajifungulia kwa mama. Siwezi kukaa peke yangu na mtu anayeogea kwenye malori."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Mimi mwenyewe nilizaliwa baba yangu akiwa kwenye mashamba ya mkonge, Tanga. Habari alizipata kwa mdomo wa msafiri, na aliponiona mara ya kwanza nilikuwa natembea, nikamkimbia. Bibi alipenda kusimulia kisa hicho na kucheka. Mimi nilikuwa nacheka pia, kwa sababu bibi anacheka. Sasa nikajiona nimekaa Chanika peke yangu na ukuta wenye mawe ya mtoni, nasubiri simu itoke Njombe.

Nikajiuliza: huyu mama kinachomfukuza ni nini? Jibu nililokuwa nalo ni lilelile. Ni aibu ya kuishi na mkwe, na hicho kikohozi ni njia ya kistaarabu ya kuaga. Basi dawa yake ni ubao.

Alhamisi nikaenda Keko, kwa fundi mmoja wa samani ninayemfahamu. Nikamweleza nataka uzio wa mbao, mrefu kumpita mtu, usimame kati ya kochi na mlango wa bafu, ili mama apite na ndoo yake bila kuonwa.

Fundi alizima randa yake ya umeme ili asikie vizuri. "Braza, mie nimetengeneza makabati, vitanda vya maharusi, hata mimbari ya kanisa. Uzio wa mama mkwe sijawahi."

"Kesho unawezekana?"

"Kwa mama mkwe, kesho."

Ijumaa mchana alikuja nao kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Ulikuwa kazi nzuri, na kwa juu alikuwa ameuchonga maua bila kuambiwa. Mama alikuwa sebuleni anachambua maharage, amegeukia dirishani. Mke wangu alikuwa amelala chumbani. Fundi akauegemeza uzio kwenye ukuta mwembamba pembeni mwa mlango wa bafu, akaweka msumari mrefu, akapiga nyundo mara moja.

Msumari ukazama wote kama umepigwa kwenye ugali.

Akatazama nyundo. Akatazama ukuta. Akachukua mwingine, akapiga taratibu kwa heshima, nao ukazama.

"Braza, huku nyuma kuna nini?"

"Bafu."

Tukaingia. Ncha za misumari zilikuwa zimetokeza kati ya mawe ya mtoni, zote mbili, na kutoka kwenye moja lilikuwa linaning'inia tone la maji meusi. Fundi akashika kona ya karatasi, ile kona niliyoikunja kwa ustadi, akavuta. Ikabanduka hadi chini kwa sauti ya chapati inayotoka kwenye kikaango.

Nyuma yake hapakuwa na ukuta wa kawaida. Palikuwa na kitu cheusi, kwingine cha kijani, kwingine cheupe chenye manyoya marefu kama ya paka. Lile sinia langu lilikuwa limeenea ukuta mzima, limepanda hadi darini. Harufu ikatoka yote kwa pamoja, na hii haikuwa Newala tena.

Fundi alirudi nyuma hatua mbili. "Hii sasa siyo nyumba. Hili ni shamba."

Nikasikia kikohozi mgongoni. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ungo wa maharage mkononi. Nikashusha macho haraka kwenye malapa.

"Mkwe," alisema. Siyo ufagio. Mimi. "Inua uso, tazama huku."

Nikainua uso. Ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba macho yake ni yaleyale ya mke wangu.

"Haya makaratasi aliweka nani?"

Fundi alianza kuchunguza dari. Nilifikiria kumtaja mwenye nyumba, nikamfikiria hata mpangaji aliyepita.

"Ni mimi, mama."

"Ya nini?"

"Ili usione doa."

Mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikageuka kikohozi katikati. "Kwetu kiazi kikianza kunuka hivi tunakitoa kwenye gunia kabla hakijaozesha wenzake. Wewe umekinunulia nguo."

"Mama, mimi nilidhani unaogea nje kwa heshima."

"Heshima ninayo. Lakini niogee mgombani siku kumi, mbuzi wa watu ananitazama, kwa heshima? Nikiingia humu kifua kinafunga. Nikauambia ufagio mfunge mlango, uvundo usije sebuleni."

"Na mie nikaziba na dirisha."

"Niliona. Nikasema labda ndiyo desturi ya kusini."

Kutoka chumbani ikaja sauti ya mke wangu, taratibu kabisa. "Mie nilisema kuna kitu kinanuka. Nikaambiwa mimba."

"Mimba zinasingiziwaga mengi, sista," fundi akamjibu kupitia ukuta.

Mama akakohoa tena, mara mbili fupi na moja ndefu ya kuvuta. Kikohozi kile nilikijua. Bibi yangu alikohoa hivyohivyo miaka yote niliyokaa naye, na alikuwa analala kwenye chumba kilichopakana na lile ghala, ambalo paa lake lilivuja kila masika. Nilikuwa nimebeba harufu ya ghala lile kwenye miji yote niliyopita, na kikohozi nilikuwa nimekiacha nyuma.

Nikampigia mwenye nyumba, akaja mwenyewe, shati limepigwa pasi. Aliutazama ukuta, akakohoa kidogo, akasafisha koo. "Hili kwa kweli ni jasho ambalo..."

"Mwalimu," mama akamkatiza, "jasho linaota nywele?"

Kwa mara ya kwanza mwalimu alisahau kusema apatimenti. Alisema, "Basi nimwite fundi wa hizi nyumba." Fundi bomba akaja jioni ileile, akabomoa ukuta kwa patasi, na huko ndani akakuta kiungo cha bomba la bafu la mvua kimefungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni, kimekazwa kwa uzi. Kilikuwa kinadondosha maji ndani ya ukuta tangu nyumba ilipojengwa.

Kusafisha alisimamia mama. Mke wangu alipelekwa kwa jirani asivute uchafu ule. Dirisha likafunguliwa, gazeti langu likatupwa. Tukajifunga kanga puani, mimi na fundi wa Keko ambaye alisema kwa kuwa amekwishakuja, basi asaidie. Mama alituamuru tulowanishe kwanza ndipo tukwangue, vumbi lisiruke. Plasta yote iliyooza ikatoka, tukaenda kuifukia mbali. Muda wote huo aliniamuru moja kwa moja, mkwe lete hiki, mkwe acha hicho, na mimi nilijibu huku namwangalia usoni kama mtu aliyepewa likizo.

Kazi ilipokwisha alinawa mikono, akaketi, akageukia kona.

"Ufagio," alisema, "mwambie baba wa nyumba hii kwamba basi la kesho siendi. Nangoja ukuta ukauke. Ukikauka nitaingia kuoga. Nikikohoa, naondoka na mwanangu."

Begi likabaki palepale mlangoni.

Sijawahi kuungoja mji wowote kama nilivyoungoja ukuta ule. Niliuelekezea feni yetu ya pekee, sisi tukalala na joto. Kila asubuhi kabla ya kazi niliupapasa kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Wote watatu tukawa tunaogea mgombani kwa zamu, na mbuzi akatuzoea. Baadaye ikaja plasta mpya, tukangoja tena, kisha chokaa. Harufu ya chokaa ile hainikumbushi kwa bibi. Hainikumbushi popote. Huenda mtoto ndiye atakayeikumbuka, akiwa mtu mzima kwenye mji wa watu.

Siku ilipofika, ilikuwa Jumapili asubuhi. Mama alipita nyuma ya uzio wa maua na ndoo yake, akafunga mlango. Kwa heshima nikatoa kiti, nikakaa mbali kabisa uani, mgongo nimeugeuzia nyumba. Mke wangu alijilaza kwenye kochi na tumbo lake, ili anipe ripoti kupitia dirishani.

"Vipi?" nikauliza.

"Anamwaga maji."

"Na sasa?"

"Anaimba."

"Anaimba au anakohoa?"

"Najua sauti ya mama yangu, bwana. Anaimba."

Wimbo ulikwenda hadi mwisho. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Kisha sauti ikatoka bafuni, kavu, safi, haina mkwaruzo.

"Ufagio, waambie watu wa nyumba hii sabuni imeisha."

Mke wangu alijaribu kuinuka mara mbili, tumbo likakataa. Akaniangalia kupitia dirishani. Nikaingia ndani kinyumenyume, nikachukua kipande cha sabuni jikoni, nikakifunga kwa kitambaa kwenye ncha ya mpini wa ufagio. Nikajibanza nyuma ya uzio, uso nimeugeuzia kwenye kochi, nikausukuma ufagio taratibu hadi mlangoni. Mlango ukafunguka upana wa vidole vinne. Nikahisi mpini ukivutwa, kisha ukawa mwepesi.

"Asante, ufagio," mama alisema.

Nilipogeuka kwenda kuurudisha kwenye kona yake, mke wangu alikuwa ameshikilia tumbo kwa kicheko, na kwa mguu wake mmoja alikuwa analisukuma lile begi la kijani chini ya kochi.